Eleveta ya foamu nzima au ya ngozi za kalibu: ulinganisho kwa anayejiundia mkia wa ndege

Nimeunda eleveta tatu kwa mikono yangu, na ya kwanza haikuruka. Kwa macho ilikuwa nzuri: laini, imenyooka, inang'aa. Nilipoipandisha kwenye mizani ikazidi matarajio yangu kwa karibu nusu kilo, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikaa nyuma ya bawaba. Ningeweza kuifungia risasi, ile metali nzito, mbele mpaka isimame sawa, lakini risasi nayo ni mzigo, na mzigo kwenye ncha ya mkia hulipiwa tena kwenye pua. Niliikata vipande. Tangu hapo, mtu akiniuliza achague njia ipi, mimi humuuliza kwanza: gramu zako zitaangukia wapi?

Swali hilo lina sababu. Eleveta ni bapa la mlalo linaloinua na kushusha pua ya ndege. Usukani wa mkia ni ndugu yake wa wima, unaogeuza pua kushoto na kulia. Yote mawili yananing'inia kwenye bawaba. Kitovu cha uzito wa bapa kikiwa nyuma ya mstari wa bawaba, mkia unapotikisika bapa huchelewa. Mkia ukipanda, ukingo wa nyuma wa eleveta hubaki chini, hewa inaupiga, na pigo hilo linauinua mkia zaidi badala ya kuutuliza. Ukishuka, mambo yanageuka vilevile. Kasi ikifika mahali fulani mtikisiko hujilisha wenyewe, na bapa linaweza kung'oka kabla rubani hajajua kinachotokea. Huo ndio mpapatiko. Kinga yake ni tatu: uzito usawazishwe mbele ya bawaba, bapa liwe kakamavu dhidi ya kusokotwa, na fito zinazosukuma bapa pamoja na bawaba zisiwe na ulegevu. Katika ulinganisho huu nitashughulika na mbili za kwanza, kwa sababu ndizo zinazoamuliwa mezani wakati unapaka rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni foamu nzima. Unakata umbo la bapa kwa waya wa moto kutoka kwenye bonge la foamu, kisha unalivika kitambaa cha faiba ya kioo kilicholowa epoksi, ambayo ni aina ya rezini. Hakuna kalibu. Aliyeieneza njia hii kwa wajenzi wa nyumbani ni mbunifu wa ndege Burt Rutan wa Marekani, kwa ndege zake VariEze iliyoruka mwaka 1975 na Long-EZ iliyofuata mwaka 1979. Aliuza michoro, na watu wakajenga ndege nzima kwa foamu, kitambaa na ndoo za epoksi.

Ya pili ni ngozi za kalibu. Ngozi ya juu na ya chini hutengenezwa kila moja ndani ya kalibu yake: tabaka la faiba, foamu nyembamba katikati, tabaka jingine la faiba. Kisha zinagundishwa pamoja zikiwa na boriti na mbavu ndani, na bapa linabaki na uwazi. Kiti, yaani seti za vipande vya kujiundia ndege, za Glasair za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndizo zilizowazoesha watu njia hii, na Lancair wakaifuata. Ukinunua kiti ya aina hii, ngozi zinakuja tayari. Kazi yako ni kuziunganisha bila kuharibu.

Kama kiti yako imeshaamua njia, usiibadilishe kwa sababu umesoma makala, hata hii. Idadi ya tabaka na mwelekeo wa nyuzi ndivyo vinavyobeba hesabu ya mpapatiko ya mbunifu. Ninayoyaandika hapa yanamhusu anayechagua kati ya kiti mbili, anayejenga kwa michoro inayoruhusu njia zote mbili, au aliyeharibu bapa na sasa lazima atengeneze jipya kwa idhini ya mbunifu.

Hesabu ambayo ilinibadilisha mawazo

Watu husema bapa lenye uwazi ni jepesi, la foamu nzima ni zito. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoketi na kalamu. Chukua nusu moja ya eleveta: eneo la mita za mraba 0.4, kina cha milimita 300 kutoka bawaba hadi ukingo wa nyuma, unene wa wastani wa milimita 30. Kitambaa ni tabaka mbili za gramu 280 kwa mita ya mraba kila upande. Kwenye bapa lenye uwazi tabaka moja inakaa nje na moja ndani, kwa hiyo kitambaa ni kilekile na tunaweza kukiacha pembeni.

Foamu nzima ya kilo 32 kwa mita ya ujazo itakuwa na gramu 384. Ni nyingi. Lakini tazama inakaa wapi: bapa ni nene kwenye bawaba na linachongoka kuelekea nyuma, kama kabari. Kitovu cha kabari kiko theluthi moja tu ya kina, yaani milimita 100 nyuma ya bawaba. Ukizidisha gramu kwa umbali huo unapata 38,400, na namba hiyo ndiyo inayoonyesha bapa linavyovutwa chini nyuma ya bawaba. Ongeza ule uji wa epoksi na vipovu vya kioo unaopakwa kuziba vinyweleo vya foamu, tuseme gramu 120 zilizosambaa sawa, kitovu chake milimita 150: hiyo ni 18,000 nyingine. Jumla 56,400.

Bapa la kalibu lina foamu nyembamba ya milimita 3, ya kilo 75 kwa mita ya ujazo. Ni gramu 180 tu, lakini imesambaa sawa kwenye ngozi yote, kwa hiyo kitovu chake ni milimita 150: 27,000. Halafu inakuja gundi ya ukingo wa nyuma, mahali pabaya kuliko pote. Mstari wa gundi wenye upana wa milimita 20 na unene wa moja na nusu unafika kama gramu 44, na uko milimita 290 kutoka bawaba: karibu 12,800. Mbavu za gramu 100 zikiwa milimita 100 nyuma zinaongeza 10,000. Jumla 49,800.

Tofauti ni 6,600. Kama mkono wa uzito wa kusawazisha ni milimita 100 mbele ya bawaba, hiyo ni risasi ya gramu 66. Kalibu imeshinda, lakini kidogo sana, na ukimwaga gundi bila kupima inaweza kushindwa.

Sasa linganisha na rezini. Kitambaa hicho kikipakwa kwa mkono na rezini ikawa asilimia 45 ya uzito wote, kila mita ya mraba ya tabaka moja ina gramu 509. Ikiwa asilimia 35, ambayo inafikika kwa mfuko wa ombwe (mfuko wa nailoni unaofyonzwa hewa mpaka ubane kazi), ni gramu 431. Kwa tabaka zote za nusu hiyo ya eleveta tofauti ni kama gramu 125, kitovu milimita 150: karibu 18,800, yaani risasi ya gramu 188. Tofauti ya rezini ni karibu mara tatu ya tofauti ya njia! Watu tunabishana foamu au kalibu usiku kucha, na kumbe uzito unaingia kupitia brashi.

Vipimo hivi ni vya mfano, na bapa lako litakuwa na vyake. Bapa likiwa nene zaidi foamu nzima inaanza kushindwa wazi, kwa sababu ujazo unaongezeka na unene huku ngozi za kalibu hazijali. Likiwa jembamba, foamu nzima inashinda. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua chochote. Ni kazi ya nusu saa.

Waya wa moto una tabia zake

Kukata foamu ni kazi ya watu wawili na si ya kukimbilia. Violezo viwili vinabandikwa kwenye ncha za bonge, kila kimoja kimechorwa alama zenye namba. Mmoja anaita: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mwenzake anafika kwenye namba ileile kwa wakati uleule. Bapa likichongoka kuelekea ncha, mmoja ana safari ndefu kuliko mwenzake, na bila namba zile waya unakwenda mshazari na umbo linaharibika katikati ambako huwezi kuliona. Ukivuta haraka kuliko waya unavyoyeyusha, waya unapinda nyuma na kuacha bonde. Bonde hilo utalijaza puti baadaye, na puti ni uzito.

Foamu ya kukatwa hivi ni polistirini. Usithubutu kupitisha waya wa moto kwenye foamu ya uretheni: inatoa gesi zenye sumu kali. Hiyo huchongwa kwa kisu na msasa. Tena polistirini haipatani na kila rezini. Poliesta na vinailesta zinaiyeyusha mbele ya macho yako, petroli pia, asetoni pia. Kwa foamu nzima basi umefungwa na epoksi. Ngozi za kalibu kwa kawaida zina foamu ya PVC, ambayo inavumilia rezini hizo zote.

Kuna zawadi moja ya waya wa moto ambayo wageni wa kazi hii huitupa jalalani: mabaki. Bonge ulilokatia linabaki na tundu lenye umbo kamili la bapa lako. Hilo ndilo kitanda. Lilaze bapa humo wakati unavika upande wa kwanza, na tena wakati wa upande wa pili, maana upande wa kwanza ukishaganda msokoto wowote ulioingia umebaki humo. Hautatoka kwa msasa.

Upande wa kalibu: unafunga mara moja tu

Ngozi za kiwandani zina umbo zuri, na hapa sina ubishi: uso uliotoka kwenye kalibu hauhitaji wiki za kupiga msasa, na pua na mkia wa bapa viko pale mbunifu alipovitaka. Kama unathamini muda kuliko fedha, hiyo peke yake inatosha kukuvuta.

Kinachoniogopesha ni kule kufunga. Unapaka gundi kwenye boriti, mbavu na kingo, unashusha ngozi ya pili, unabana, na kuanzia hapo huoni tena ndani. Gundi haikufika kwenye ubavu wa tatu? Hutajua. Ilifika nyingi na imedondoka rundo karibu na ukingo wa nyuma? Utajua kwenye mizani.

Kwa hiyo fanya majaribio makavu. Mimi huweka ukanda wa udongo wa plastiki wa kuchezea watoto juu ya kila ubavu, nafunika kwa karatasi ya nailoni, nashusha ngozi, nabana kama siku ya kazi, kisha nafungua na kupima unene uliobaki. Pale udongo haukubanwa kabisa, pana pengo na lazima pajengwe kwanza. Pale uliposambaa kama karatasi, gundi nayo itakamuliwa yote. Nafanya hivi mara mbili, wakati mwingine tatu. Usiku wa kufunga huwa najua gramu za gundi ninazohitaji na nazipima kikombe kwa kikombe.

Msokoto nao unafungwa siku hiyohiyo. Bapa lenye uwazi likiwa bado ngozi mbili huru linapindika kwa kidole kimoja. Likishafungwa ni boksi, na boksi halisokoteki. Huo ndio uzuri wake dhidi ya mpapatiko, na ndio ubaya wake kama uliliweka kwenye meza iliyopinda. Weka miti miwili iliyonyooka kwenye ncha mbili za bapa, chungulia kutoka mbali uone kama inalingana, halafu ndipo uchanganye gundi.

Je, ujitengenezee kalibu mwenyewe? Kwa bapa moja, hapana. Utatengeneza kielelezo, utakisugua, utakipaka nta tabaka juu ya tabaka, utamwaga kalibu nzito, na yote hayo kwa kitu utakachokitoa mara moja. Mkiwa wajenzi wawili watatu wa ndege moja, hesabu inabadilika. Na kama umbo la mkia ni pacha juu na chini, kalibu mbili zinatosha kwa ngozi nne, kwa sababu ngozi ya juu ya kushoto ikigeuzwa inakuwa ya chini ya kulia.

Mkono au ombwe

Nimeshaonyesha kwamba hapa ndipo uzito ulipo, kwa hiyo nitasema wazi: nunua pampu ya kufyonza hewa kabla hujanunua kitu kingine cha kifahari. Ombwe kamili linabana kwa takriban tani 10 kwa mita ya mraba. Hakuna mkono wala rola inayoweza hivyo. Rezini ya ziada inapita kwenye nailoni yenye vitundu na kunywewa na kitambaa cha kufyonzea juu yake.

Lakini kwenye foamu nzima usifungulie pampu yote. Ukingo wa nyuma ni mwembamba, na nguvu hiyo inaukunja au kuuponda; mfuko wenyewe unaweza kulisokota bapa kama halijalala kwenye kitanda chake. Mimi hupunguza hadi karibu nusu. Kwenye kalibu ngumu hofu hiyo haipo.

Huna pampu? Kuna njia ya kati ambayo naipenda sana. Pima kitambaa kikavu. Kwa kila gramu 280 za kitambaa pima gramu 230 za epoksi iliyochanganywa, usizidishe hata kama inaonekana kidogo. Lowesha kitambaa katikati ya karatasi mbili za nailoni juu ya meza, ukisukuma kwa kibapa cha plastiki mpaka weupe wote uishe, halafu kata na ubebe kikiwa ndani ya nailoni hadi kwenye bapa. Eleveta yangu ya pili ilitengenezwa hivyo, na ilitoka nyepesi kuliko ile ya kwanza ambayo nilimimina rezini moja kwa moja juu ya kazi. Uwiano wa epoksi na kigumishi chake pima kwa mizani. Kwa Aeropoxy, kwa mfano, ni 100 kwa 27 kwa uzito. Kuongeza kigumishi ili igande haraka kunatoa epoksi mbovu, basi.

Vaa glavu. Mzio wa epoksi ukishaingia mwilini hauondoki, na nimeona mjenzi hodari akiacha ndege yake kwa ajili ya mikono.

Faiba au kaboni

Kaboni ya kawaida ina ukakamavu wa takriban gigapaskali 230 kwenye uzi, faiba ya kioo kama 72, na kaboni ni nyepesi pia. Kwenye karatasi hakuna shindano. Kwenye karakana ya nyumbani mimi bado natumia faiba kwa mkia, na sababu kubwa ni kuona. Faiba ikilowa vizuri inakuwa angavu. Hewa iliyonaswa inaonekana kama doa jeupe, na unaichoma na kuiondoa kabla epoksi haijaganda. Kaboni ni nyeusi ikiwa kavu na nyeusi ikiwa imelowa. Makosa yake hutayaona.

Yapo mengine. Kaboni ikigusana na alumini kwenye unyevu, alumini inaliwa, kwa hiyo kila mabano ya bawaba yanahitaji tabaka la faiba katikati. Kaboni inazuia mawimbi ya redio, na wengi huficha antena ndani ya pezi la mkia. Tena ngozi ya kaboni yenye ukakamavu uleule ni nyembamba mno, na jiwe lililorushwa na gurudumu linaitoboa. Kama mbunifu ametaka kaboni, weka kaboni. Kama ametaka faiba, usijiongezee.

Vyovyote utakavyotumia, nyuzi za ngozi zilale nyuzi 45 kwa kipimo cha pembe kutoka mstari wa bawaba, kama michoro inavyosema karibu siku zote. Mwelekeo huo ndio unaozuia kusokotwa. Nimeona mtu akinyoosha kitambaa sambamba na bawaba ili kuokoa mabaki. Bapa lilikataa kupinda, lakini likasokoteka kama kadibodi.

Maji, jua na mapigo

Bapa lenye uwazi linakusanya maji. Lazima liwe na vitundu vya kutolea, na vitundu hivyo vikaguliwe visizibwe na rangi, maana kijiko cha maji karibu na ukingo wa nyuma kinavuruga mizani yote uliyohangaikia. Foamu nzima haina shida hiyo, lakini ngozi ikibanduka kutoka kwenye foamu ni vigumu kuligundua. Pitisha sarafu ukigonga taratibu: mlio mkali ni pazima, mlio mzito uliokufa ni pamebanduka. Tundu dogo kwenye foamu nzima linazibika jioni moja. Kwenye bapa la kalibu unaweza kulazimika kukata dirisha ili ufike ndani.

Jua halichagui njia. Epoksi iliyogandia kwenye joto la kawaida huanza kulegea kwenye nyuzijoto zinazofikiwa na uso wa rangi nyeusi uliosimama juani. Ndiyo maana ndege hizi hupakwa nyeupe.

Ningechagua nini leo

Kwa eleveta ndogo na nyembamba ya ndege ya viti viwili, na mjenzi mwenye subira, foamu nzima chini ya ombwe dogo. Naweza kuona kila tabaka nikilipaka, hakuna mahali pa kufunga bila kuona ndani, na hesabu ya gramu inakaribiana. Kwa usukani wa mkia ulio mrefu na mnene chini, ngozi za kalibu, kwa sababu foamu ya kujaza pale inakuwa nyingi mno. Kwa anayeunda peke yake bila mwenzake wa kushika ncha ya pili ya waya, kalibu pia, hata kama bapa ni dogo. Na kwa anayejenga kwa mara ya kwanza maishani, foamu nzima, ila si kwenye eleveta yenyewe: akate kwanza kipande cha sentimita 40 chenye umbo lilelile, akivike, akipime, akikate katikati kwa msumeno na kutazama ndani.

Bapa likishakamilika, lining'inize kwenye bawaba zake kabla ya rangi, halafu tena baada ya rangi, likiwa na kila kipande kitakachoruka nalo. Rangi inaongeza uzito kwenye uso wote, na sehemu kubwa ya uso huo iko nyuma ya bawaba. Kwa hiyo acha nafasi ya kuongeza risasi kwenye pembe ya mizani, ile sehemu ya bapa inayochomoza mbele ya bawaba, na usiifunge kwa tabaka la mwisho mpaka rangi ikauke.